Kikohozi cha Beberu wa Mjomba

Mjomba wangu wa Mutomo alikuwa na beberu mkubwa ambaye alikuwa ameanza kuwapanda binti zake mwenyewe. Ilibidi ahame. Mjomba akasimama naye uani, mkewe akawapiga video kwa simu, wakamtumia mama mmoja wa Tawa, muuguzi mstaafu aliyekuwa akitafuta dume.

Mama yule akapiga simu. "Baba, mbuzi wako ana kifua."

"Kifua gani, mama? Huyu hata chafya hajui."

"Nimemwona. Amefungua mdomo akakohoa kama mzee wa sigara."

"Basi nikutumie video nyingine."

"Hapana. Kufikia hiyo nyingine utakuwa umeshampa dawa."

Mjomba akaniletea simu, kwa kuwa mimi nina kompyuta. Nikatazama. Kweli, beberu alifungua mdomo, kikohozi kikatoka. Lakini sekunde mbili kabla ya hapo mjomba alionekana ameinama, mabega yakimtetemeka, kimya kabisa. Baadaye akafungua mdomo kusifu miguu ya mbuzi, akalia mee.

Sauti ilikuwa imechelewa. Usiogope, kazi hii hata wewe unaiweza. Tafuta kitu kinachoonekana na kusikika papo hapo, kama kofi. Bahati nzuri mjomba hawezi kumsifu mbuzi bila kumpiga kofi la paja. Nikasimamisha picha pale kiganja kilipogusa manyoya, nikaisogeza sauti kuelekea mwanzo wa video mpaka mlio wa kofi ukakaa mahali pake. Hapo wengi hufunga kompyuta. Wewe nenda kwanza mwisho wa video ujaribu kofi jingine, kwa maana simu nyingine hurekodi picha kwa mwendo usio sawa, na sauti huzidi kuachwa nyuma. Kofi la mwisho lilikuwa bado linachelewa. Nikaibana sauti yote kidogo iwe fupi zaidi, mpaka makofi yote mawili yakatulia.

Sasa beberu akalia mee kwa mdomo wake mwenyewe, na kikohozi kikamrudia mwenyewe, mjomba.

Tukaituma. Mama akapiga tena. "Beberu ni mzima, namtaka."

Mjomba akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

"Lakini wewe, baba, kikohozi hicho ni cha tangu lini?"

"Ni vumbi tu, mama."

"Vumbi halikohoi hivyo. Nitakuja kumchukua mbuzi ukishapimwa."

Jumatatu asubuhi mjomba alikuwa kwenye foleni ya hospitali, akimweleza kila aliyeketi karibu naye kwamba yeye si mgonjwa, anauza mbuzi.