Idadi Hailingani na Orodha

Nilipoanza kusoma sayansi ya data, mtaa wetu wote hapa Uvira uliamini kwamba ninasomea intaneti ya simu. Kwa watu wetu data ni zile mega unazonunua kibandani. Kila nilipovuka mpaka kutoka chuoni Bujumbura kuja kupumzika nyumbani, jirani yetu muuza makaa alinipokea na simu mkononi: "Mwanafunzi wa mega, nirushie kidogo!" Nilichukia. Mimi hasira zangu ziko karibu, na nilikuwa na kiburi cha mtu anayejua neno moja ambalo wenzake hawalijui.

Ambaye angenielewa ni kaka yangu, lakini hakuwepo kuniona nikianza. Alikuwa fundi wa simu, na kwenye banda lake karibu na kituo cha pikipiki alikuwa na kompyuta chakavu aliyoiunganisha mwenyewe kwa vipande vya mashine tatu. Humo aliweka orodha ya wachezaji wa timu ya mtaa: umri, namba ya jezi, mabao. Nilikuwa bado sekondari aliponikalisha mbele ya kompyuta hiyo.

"Kila mstari njo muntu moja," aliniambia. "Ukifuta mstari, umefuta muntu. Angalia mukono yako."

Profesa wangu alihitaji wiki mbili kufundisha jambo hilo hilo, tena kwa Kifaransa.

Mwaka niliomaliza sekondari, kaka alienda kwenye machimbo ya dhahabu huko milima ya Fizi. Alisema miezi miwili tu. Mwezi wa tatu simu yake ikawa haipatikani, na haijapatikana tena. Baadaye mtu mmoja alirudi akasema shimo lilibomoka, watu walifukiwa, ila yeye mwenyewe hakuona maiti ya mtu yeyote. Hatukufanya matanga. Mama hakutaka.

Mama alikuwa akiuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni, mjane tangu sisi ni wadogo, na si mtu wa maneno mengi. Kila jioni alipopakua bugali alitoa sahani zote, pamoja na ile ya bluu ya plastiki, iliyomeguka ukingoni. Hiyo ilikuwa ya kaka. Hakuweka chakula ndani yake. Aliiweka tu pale pamoja na nyingine, kisha akaiosha pamoja na nyingine. Jumamosi alifua shuka la kaka akalianika. Nilidhani ni mazoea, kama mtu anavyoendelea kufunga mlango ambao kitasa chake kimeharibika.

Mwaka wa pili chuoni tulipewa kazi ya mazoezi: kila mwanafunzi arudi kwao, ahoji kaya thelathini, alete data safi. Nilianza na kaya yetu, kwa sababu ilikuwa rahisi na kwa sababu nilitaka mama anione nikifanya kazi yangu. Alikaa kwenye kigoda anachambua ndagala. Muuza makaa alikuwa amekuja kuomba moto, akabaki kusikiliza. Nilikohoa kidogo, kama afisa.

"Bantu ngapi balilala mu hii nyumba jana?"

"Tano," mama alijibu bila kuinua kichwa, nami nikaandika.

"Tano namna gani, mama? Minye, weye, na hawa babili wadogo. Tuko ine."

"Na kaka yako?"

"Kaka haiko, mama."

"Haiko hapa," alisema. "Lakini iko."

Fomu yangu ilikuwa na visanduku viwili tu, yupo na hayupo. Ningeweza kuiacha tano nikaendelea na swali la maji ya kunywa. Nani angejua? Lakini nilikuwa na muuza makaa ananitazama, nilikuwa na profesa kichwani, na nilikuwa na ule ujinga wa mtu aliyesoma kidogo.

"Mama, nikiandika muntu haiko, prof atakatala kazi yangu yote. Kaka alienda, sasa ni myaka mbili. Alikufa. Bote banajua alikufa."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa ndani ya nyumba yetu. Mimi ndiye niliyelitamka, tena kwa ajili ya alama za mazoezi. Muuza makaa aliokota kaa lake la moto akaondoka bila kuaga. Mama aliendelea kuchambua, anatupa kando vichwa vilivyovunjika, kisha akasema polepole:

"Basi futa. Weye njo ulisoma."

Nilifuta. Nikaandika nne.

Jioni ile sahani ya bluu haikutoka. Jumamosi shuka halikuonekana kwenye kamba. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliporudi chuoni nilimwambia mwenzangu wa chumba kwamba mama sasa amekubali, kwamba wakati mwingine mtu anahitaji kuambiwa ukweli na mwanawe. Nilipata alama nzuri. Profesa alisifu hasa usafi wa data yangu.

Watu huniuliza masomo yale yanampeleka mtu wapi. Profesa alituahidi benki, kampuni za simu, hospitali, utafiti wa mazao. Mwenzangu mmoja kweli yuko benki, anatafuta wateja watakaoshindwa kulipa kabla wao wenyewe hawajajua. Mwingine anafundisha hesabu Kamanyola na husema ndiyo kazi aliyotaka siku zote, sijui kama namwamini. Mimi nilirudi Uvira, nikapata kazi kwenye shirika linaloandikisha familia zilizopatwa na mafuriko. Ni kazi ya heshima. Naamka, navaa kitambulisho shingoni, napanda pikipiki hadi ofisini, nasafisha majedwali. Natafuta mstari uliojirudia, umri usiowezekana, mwanamume aliyeandikwa mjamzito.

Kosa lililotusumbua kuliko yote lilikuwa moja. Mtu anasema nyumbani wako saba, halafu akitaja majina wanatoka sita. Ilitokea kila mahali, mjini hapa, Kamanyola, vijiji vya bondeni. Mwandikishaji mmoja aliniambia kule Lubarika mama mmoja alikataa katakata kubadilisha idadi, akamkazia macho mpaka yeye mwandikishaji akaondoka. Nilimjibu kwamba watu hawajui kuhesabu. Nikaandika kanuni kwenye tableti: idadi na majina visipolingana, fomu haisongi mbele, na kunatokea ujumbe mwekundu. Ujumbe niliutunga mwenyewe. *Idadi hailingani na orodha. Rekebisha.* Kwenye mafunzo niliwaambia waandikishaji: msibishane na mtu, wala msimsaidie. Nyamazeni tu, mngoje. Atajirekebisha mwenyewe.

Mama alikufa mwaka wangu wa pili kazini. Alikuwa na tension, yaani shinikizo la damu, ya miaka mingi, na asubuhi moja aliangukia sokoni. Nilifika hospitali ameshafunikwa.

Baada ya maziko tulifungua sanduku lake, mimi na wadogo zangu. Chini kabisa, chini ya vitenge, kulikuwa na shuka la kaka limekunjwa vizuri, na ndani yake ile sahani ya bluu. Nililinusa shuka. Lilinuka sabuni mpya. Nikamuuliza mdogo wangu wa kike mama alikuwa akilifua lini, maana sikuwahi kuliona.

"Siku zote," alisema. "Zamani, siku weye ulikuwa Bujumbura. Kisha, siku uko ku kazi. Alikuwa anaianika nyuma ya nyumba, anatuambia tuitoe ku kamba kabla weye urudi."

Kwa hiyo hakuwahi kukubali chochote. Alinificha mwanawe. Miaka yote ile, ndani ya nyumba yake mwenyewe, mama yangu alimficha kaka ili mimi nisimfute tena. Nililia mpaka wadogo zangu wakaogopa. Sikuwahi kumwomba msamaha, na nilikuwa na jioni nyingi sana za kumwomba.

Mvua zilizofuata, ziwa lilipanda likaingia kwenye mtaa wetu. Lilifika kwenye kizingiti, likaua mihogo yote uani. Waandikishaji walipita nyumba kwa nyumba, na aliyeingia kwetu alikuwa msichana niliyemfundisha mwenyewe. Aliona aibu kumhoji mkubwa wake, lakini kazi ni kazi. Wadogo zangu walikuwa wamesimama mlangoni.

"Chef, samahani. Bantu ngapi balilala mu hii nyumba jana?"

"Tano," nilisema.

Aliandika. Akauliza majina. Nilitaja langu, la mdogo wangu wa kike, la mdogo wangu wa kiume. Alingoja. Sikuongeza. Akabonyeza, na kutoka pale nilipokaa niliona wekundu ukijaa kioo cha tableti. Hakunisomea ujumbe, alijua ni nani aliyeuandika.

"Chef," alisema kwa sauti ndogo, "inakatala."

Kisha akanyamaza. Hakubishana nami, wala hakunisaidia. Aliweka tableti magotini, akatazama maji uani, akangoja, sawasawa kama nilivyomfundisha. Nilimtazama mdogo wangu wa kike, naye akageuza uso.

"Tatu," nilisema. "Andika tatu."

Aliandika tatu. Tableti ikakubali.