Swichi ya Feni na Taa ya Bosi

Miaka ile ya tisini, katika ofisi yetu ndogo ya Don Mills, huko Kanada, wasemaji wa Kiswahili tulikuwa wawili: mimi wa Nakuru, na dada mmoja wa Tanga asiyejua kunyamaza. Tulibuni mitambo ya kuendesha majengo. Zamani kila swichi ilivutiwa waya wake hadi kwenye taa yake. Sisi tulitia kompyuta ndogo ndani ya kila kifaa, vyote vikasemezana kupitia waya mmoja. Ukitaka swichi ibadili kazi, unaiagiza kutoka mezani, ukuta huugusi.

Siku moja akaja mteja, mzee wa Kihindi mwenye jengo la ofisi North York. Bosi wetu, Mkanada wa maneno mengi, akamsimamisha mbele ya ubao wa maonyesho wenye swichi na feni.

"Bonyeza hapa, feni itazunguka."

Mzee akabonyeza. Feni kimya. Nyuma ya bosi, ng'ambo ya kioo, taa ya ofisi yake mwenyewe ikawaka.

"Dada, umefanya nini?" nikanong'ona kwa Kiswahili.

"Jana niliijaribu swichi kwa taa ya bosi, nikasahau kuirudisha kwenye feni. Wewe tabasamu tu, kaka. Huyu mzee ataelewa nini?"

Mzee akabonyeza tena, taa ikazima. Akabonyeza, ikawaka. Bosi, mgongo kwenye kioo, alikuwa akieleza kwamba feni mpya huchelewa kidogo kuamka.

"Naomba chai," mzee akamkatiza kwa Kiingereza. "Ya maziwa, ichemshwe pamoja na majani. Na uipike wewe mwenyewe, tafadhali."

Bosi, ambaye hatukuwahi kumwona jikoni, akaenda mbio.

Mzee akatugeukia. "Haya, wanangu, rekebisheni kabla hajarudi. Huyu mzee ameelewa yote."

Dada akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Shikamoo!"

"Marahaba. Nimezaliwa Tabora, mama. Fanya haraka."

Huku akicheka, dada akaandika maagizo kwenye kompyuta. Hakuna aliyeshika bisibisi. Feni ikazunguka kwa nguvu, karatasi za bei alizokuwa amezipanga bosi zikaruka hadi mlangoni.

"Hicho ndicho nilichotaka kuona," mzee akasema. "Kila mtu hukosea. Kule kwangu, fundi akikosea, wanavunja ukuta. Lakini ile ya taa msiiondoe. Swichi ifanye vyote viwili."

Bosi akarudi na kikombe, akakuta mzee anabonyeza swichi, feni inavuma na taa ya ofisi yake ikiwaka na kuzima. Akatukodolea macho. Sisi tukatazama zulia. Mzee akanywa funda moja, akakunja uso, akasema kazi ni yetu.

Tulipofunga mitambo North York, alihamisha ukuta mzima makusudi ili atujaribu. Alisimama katikati ya vumbi akitoa amri kwa Kiswahili cha Tabora, na kabla ya wiki kwisha hata fundi umeme wetu, Mreno, alikuwa akimjibu kwa sauti kubwa, "Tayari, mzee!"