Kuitibu Kompyuta Umegeukia Ukuta

Mama yangu huwachora hina maharusi, kuanzia Makorora kwetu mpaka Raskazone, na kila kazi akiimaliza huipiga picha kwa simu: mikono, miguu, mgongo, bibi harusi kakaa na khanga moja, kichwa wazi. Picha huzitunza kwenye kompyuta ili wateja wengine wachague maua. Mwanamume haruhusiwi kuziona. Mimi niko kidato cha tatu, masharubu yangu bado yanatafutwa kwa tochi, lakini kwenye hilo nahesabiwa mwanamume kamili.

Jumamosi moja natoka madrasa, namkuta Mama anaikodolea macho kompyuta kama kakuta ng'ombe sebuleni. Mshale ulikuwa unatembea kwenye kioo wenyewe, hakuna aliyeugusa, na unafungua mafolda. Nikashukiwa mimi, kwa sababu nilishawahi kumwekea picha ya punda anayecheka. Nikaapa. Nikaichukua simu yake iliyokuwa ikiigawia kompyuta bando, nikaizima. Mshale ukatulia palepale. Hapo akaniamini, na hapo ndipo tabu yangu ilipoanza.

Kompyuta ikishadukuliwa, kukata mtandao ni mwanzo tu. Maneno ya siri inabidi uyabadilishe, tena kwa simu nyingine, si kwa mashine hiyohiyo iliyoingiliwa. Kisha utafute programu ngeni iliyomfungulia mwizi mlango. Kazi hiyo inataka macho, na Mama kajaza migongo ya maharusi mpaka ukurasa wa mbele. Akakifunika kioo kwa khanga, akaniambia nitengeneze.

"Nitengenezeje, Mama? Nipapase?"

Shangazi, aliyekuja kuazima mbuzi wa kukunia nazi, akashauri isomwe halbadiri, mwizi avimbe tumbo. Nikamwambia sawa, avimbe, lakini picha atakuwa nazo hukohuko na tumbo lake. Nikala kofi la mgongo.

Mwisho akaitwa mdogo wangu wa kike, wa darasa la nne. Yeye akakalishwa mbele ya kompyuta, mimi nikageuzwa nitazame ukuta. Jamani! Kiingereza ananisomea herufi mojamoja, akifika mwisho wa neno mimi nimeshasahau mwanzo. Namwambia bonyeza kulia, ananiuliza kulia kwake au kwangu. Katikati akaondoka kwenda kunywa maji, na mimi nikaendelea kuuamrisha ukuta. Mpaka adhuhuri inaadhiniwa ndiyo tumeipata: programu ya bure ya kung'arisha rangi ya hina, Mama kaipakua kutoka kwenye kundi la wachoraji wenzake. Tukaing'oa.

Nikamwambia bado jambo moja: maharusi waambiwe. Hatujui picha zipi zimeshachukuliwa.

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Nikiwaambia, nani atanipa tena mkono wake nimchore?"

"Na wakiziona kwa watu kabla hujawaambia?"

Akampigia kwanza mama wa bibi harusi wa Raskazone, kwa kuwa picha za singo ya binti yake, siku ya kusuguliwa mwili kwa manukato, zilikuwa mpya kabisa, na harusi ni Ijumaa. Akaeleza yote: mshale, programu, mwizi asiyejulikana. Kisha nikamsikia yule mama akiuliza, "Na huyo mwanao wa kiume, keshaziona?"

Dunia nzima huenda inazitazama, anayeulizwa ni mimi!

Alasiri yule mama akaja na bajaji. Nikamwamkia shikamoo huku nimegeukia ukuta, akaitikia marahaba kwa mashaka. Akamsimamia mdogo wangu kichwani mpaka picha za binti yake zote zikafutwa, akataka aoneshwe hata pipa la taka la kompyuta. Kisha akamwambia Mama, Alhamisi aje amalizie miguu kama walivyopatana, ila simu yake aiache nyumbani.

Alhamisi Mama akaondoka na kikapu cha hina tu. Simu yake ilibaki kwetu na mimi nikaipokea mchana kutwa, kila bibi harusi aliyepata habari anauliza za kwake, nami namjibu mmojammoja kwamba sijui, kwa sababu sikuruhusiwa kutazama.