Ndonya za Mchunga Ng'ombe

Mchunga ng'ombe wa Mdachi huongea na ng'ombe kwa Kimakonde; sisi binadamu hutuitikia kwa kichwa tu. Mimi ndiye mkamuaji, kwa hiyo namwona kila asubuhi akimshika ndama sikio taratibu, utadhani litavunjika. Nikimaliza kukamua, yeye huketi kwenye gogo la zizi akachonga mpingo. Huchonga ndonya, kile kisahani wanachovaa wanawake wa Kimakonde kwenye mdomo wa juu. Mkewe alikimbilia ng'ambo ya Ruvuma wakati wa vita vya Maji Maji, na kwa kuwa mdomo hupanuka kadiri miaka inavyokwenda, kila masika humchongea kubwa zaidi. Zimefika tatu, amezifunga kitambaani, kiunoni.

Juzi alipita mama mmoja kutoka ng'ambo, muuza chumvi wa kijiji kile kile cha mkewe. Mchunga ng'ombe hakumwuliza kama mkewe ni mzima.

“Ndonya yake imefika wapi?”

Mama akaunganisha vidole, akaonyesha duara. Yeye akafungua kitambaa, akaipima ile ya tatu, kubwa kuliko zote, ndani ya duara lile. Ikapwaya.

“Kumbe kuna mtu anamchongea,” akasema.

Mama akainamia chumvi yake.

“Anachonga vizuri?”

“Vizuri, baba.”

Akaitikia kwa kichwa, akawafuata ng'ombe wake. Kitambaa alikiacha palepale kwenye gogo, nami nimekihifadhi. Sisi wanawake wa Kiyao hutoboa pua, si mdomo. Mwaka wa tatu huu nakamua mbele yake, na kipini changu hajakitazama hata siku moja.