Fundi Aliyeomba Tuseme Mmoja Mmoja

Nilikuwa Kibondo nilipopigiwa simu kwamba fundi cherehani wangu wa Kasulu amefariki dunia. Presha ilimpanda akiwa sokoni, akakata roho njiani kupelekwa hospitali. Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Mabamba, aliyeishi na binti yake pamoja na mdogo wake wa kiume. Huyo mdogo wake aliugua ugonjwa wa akili tangu ujana, akawa anasikia sauti za watu wasiokuwepo.

Sindano za kliniki zilizituliza zile sauti. Majirani wakasema amepona, sasa afanye kazi. Lakini ukimtuma achote maji, afunge mbuzi, kisha apitie chumvi dukani, ungemkuta kasimama uani na ndoo tupu mkononi. Wakamwita mvivu. Dada yake alikuwa akiwajibu kwa upole, "Si uvivu. Maneno yanamponyoka." Nadhani alilijua hilo kwa sababu hata yeye yalikuwa yakimponyoka. Wateja wawili wakisema kwa pamoja, alisimamisha cherehani na kuomba, "Jamani, mmoja mmoja." Wapo waliodhani anaringa. Kikundi cha akina mama kilimvua uenyekiti aliposahau kufikisha taarifa ya msiba. Jambo hilo lilimuuma sana, na hakurudi tena kikundini.

Siku moja niliwapa lifti hadi kliniki. Muuguzi alieleza habari ya dawa mpya harakaharaka, kisha akamtaka fundi arudie. Akakwama.

"Mama, wewe ndiye tunayekutegemea," muuguzi akasema. "Na wewe hushiki?"

Fundi akainamisha kichwa. Daktari, ambaye alikuwa akisikiliza, akavuta kiti karibu. Akaeleza kwamba ugonjwa ule huweza kumpunguzia mtu uwezo wa kukumbuka na kupanga mambo, hata sauti zikishatulia. Tena baadhi ya ndugu wa damu, ingawa si wagonjwa, huwa na ugumu wa namna hiyo kwa kiasi kidogo.

"Kwa hiyo na mimi nitaugua?"

"Hapana mama, sijasema hivyo. Nasema ni sisi tunaopaswa kukueleza taratibu."

Njiani kurudi alilia bila sauti. Tulipofika kwake akaniambia, "Tangu utotoni naambiwa sina akili. Kumbe..." Akashuka.

Baada ya maziko pale Kasulu, ndugu walikaa kuamua mdogo mtu aishi wapi. Mjomba wao akamuuliza, "Twende wote Mabamba, au unabaki?" Akanyamaza. Mjomba akachukulia kwamba amekubali, wakahamia kwenye habari ya kurudisha viti na gari la kesho. Tukiwa katikati ya hayo, ikasikika sauti yake ya chini: "Nibaki. Dada yuko hapa."

Watu wakatazamana. Binti wa marehemu ndiye aliyeelewa. "Anakujibu, babu," alimwambia mjomba. "Acha abaki, nitakaa naye." Mzee akafikiri, akakubali.

Nimerudi na huzuni nzito. Yule mama aliondoka wachache tu wakiwa wamejua kilichomsumbua, na wengi tuliobaki tuna ndugu wa namna ile majumbani. Tunawapangia pa kuishi, pa kulala, hata wa kuoa, tukiamini hawana la kusema. Wanalo. Tatizo ni kwamba linapofika, sisi tumeshainuka.