Uvimbe Uliodunda

Kabla ya kumgusa mgonjwa, Cleopas Obonyo alisugua viganja mpaka vipate joto. Aliwafanyia hivyo watoto, wafungwa, na hata yule meja.

Alikuwa Mkenya, mpiga picha za eksirei katika hospitali moja ya Kampala, akiishi peke yake katika mtaa wa Kyebando. Mwaka 1976 nilikuwa mwanafunzi wake, nikisafisha filamu katika chumba cha giza. Wanajeshi walikuwa wakiwakamata Wakenya, na wengi walikuwa wakiondoka kimyakimya. Yeye alisema wagonjwa wa Jumatatu bado wako kwenye foleni.

Meja alikuja na uvimbe nyuma ya goti, mkubwa kama limau. Daktari alidhani ni kifuko cha maji. Alimdunga ndani ya goti dawa inayoonekana kwenye picha, kisha mgonjwa akatembezwa ili dawa isukumwe hadi kwenye kifuko. Nilisikia yote kupitia kidirisha cha kupitishia filamu.

"Munanitembeza kama bibi harusi," meja alisema.

"Bibi harusi halalamiki hivi, afande," Obonyo akajibu.

Meja alicheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Obonyo aliingia kwenye chumba cha giza kuitazama filamu ingali mbichi. Dawa ilikuwa imebaki gotini. Hata tone halikuingia kwenye uvimbe. Ukingoni mwa uvimbe kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama ganda la yai. Alirudi kuweka vidole nyuma ya goti.

"Daktari, unadunda," alisema. "Huu ni mshipa wa damu uliotanuka. Ukiuchoma sindano, damu haitazuilika."

"Kesho naenda mupakani kwenu," meja alisema. "Nataka maji itoke leo. Wewe Mukenya unanizuia?"

Daktari aliinua sindano. Obonyo angeweza kuishia hapo. Sindano haikuwa mkononi mwake. Mara nyingi nimejiuliza mimi ningefanya nini. Aliandika kwenye bahasha ya filamu, "Uvimbe usichomwe sindano," akatia sahihi yake.

Daktari hakuuchoma. Meja aliondoka akichechemea, lakini askari wake mmoja alibaki barazani, akiwauliza wafanyakazi yule Mkenya analala wapi.

Nilimsihi Mzee Obonyo atoroke kupitia jikoni. Badala yake alifungua daftari la zamu, akalikwangua jina langu kwa wembe, likabaki lake peke yake. Kisha akavaa koti, akatokea barazani kwa askari. Hatukumwona tena baada ya siku hiyo.

"Mbambu, mwanangu," aliniambia kabla ya kutoka, "ukiulizwa, leo hukuja kazini."