Uso wa Prezida kwenye Kikwembe cha Mama

Harufu ya kikwembe kipya, ile ya wanga wa kiwandani inayopanda puani ukikikunjua mara ya kwanza, wanawake wengi hapa Butembo wanaipenda. Mimi inanitia kichefuchefu. Nikipita sokoni kwenye meza za vikwembe naharakisha, maana nyuma ya harufu hiyo hunijia nyingine, ya mafuta ya mbuzi yaliyoganda, na nyuma ya mafuta nauona mkono wa baba mkubwa.

Ngoja nikueleze vizuri. Mama yangu alichuuza maharagwe. Alipanda malori hadi Kasindi, mpakani na Uganda, na siku moja alirudi na kikwembe, kitenge cha kijani chenye uso wa mwanamke ndani ya duara: kilemba kirefu, hereni, macho ya mtu asiyeomba ruhusa. Pembeni palikuwa na maneno ya lugha ambayo hakuna nyumbani aliyeijua.

"Uyu ni prezida," mama alituambia. "Wa inchi moja ya mbali. Mwanamuke, na anaamuru mpaka basoda."

Tulicheka, mimi Masika, mkubwa wa nyumba, na mdogo wangu Kambale. Kahindo alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, naye akacheka kwa sababu sisi tumecheka. Wakati ule wa vita maprezida walikuwa wengi kama inzi: Kinshasa mmoja, Goma mmoja, Beni mmoja. Kila mmoja alikuwa na basoda wake, yaani askari, waliokuja kwa zamu kula kuku wetu, kututukana kwa Kilingala na kujisaidia nyuma ya darasa letu, halafu sisi wanafunzi tukapewa majembe ya kufukia. Mwanamke hakuwamo kati yao.

Jioni, tukichambua maharagwe, mama alitusimulia maisha ya yule mwanamke. Alizaliwa kijijini, penye baridi na viazi, kama Luofu, kijijini kwa kina baba. Shule hakuimaliza. Aliuza sokoni, akaolewa, akafiwa na mume. Ndipo wanaume wa ukoo wakaja kumtoa nyumbani mwake. Hakupiga kelele. Alikaa mlangoni.

"Mutu mwenye kusimama banamusukuma," mama alisema. "Mwenye kukaa, ni mpaka bamubebe. Na kubeba mama ya batoto mbele ya batu, ni haya."

Majirani walipomwona, wakaja kukaa naye, na baadaye wakamfanya prezida. Kambale akaona njia hiyo ni fupi mno. Akauliza kama kura zilipigwa. Mama akamjibu kwamba sahani yake bado ina mawe.

Kisha mama akaugua tumbo, akakonda. Baba alikwisha kufa kabla Kahindo hajazaliwa. Katika wiki zile za mwisho mama alirudia sehemu ile ya mlango peke yake.

"Mama, iyo ulishatuelezea."

"Basi sasa weye njo unielezee."

Nikamweleza. Nilidhani ni homa.

Kwenye matanga walifika baba mkubwa kutoka Luofu, kaka wa baba yangu, na shangazi kutoka Bungulu, kule Beni. Walikula kama watu waliotumwa kula. Siku ya kumaliza matanga baba mkubwa alikaa katikati ya uwanja na sahani mapajani, akinyonya mifupa ya mbuzi kwa sauti, na kwa mdomo uleule uliojaa akatugawa. Kambale aende Luofu kulima mashamba yake. Kahindo achukuliwe na shangazi. Masika akikomaa kidogo ataozwa. Nyumba itauzwa. Kipande cha nyama kilimtoka mdomoni aliposema "nyumba"; alikiokota gotini, akakirudisha.

Wakatoa sanduku la mama nje. Shangazi alinusa vikwembe kimoja kimoja kama mtu anayechagua samaki, akavuta, ndugu mwingine naye akavuta. Kile cha kijani mama hakuwahi kukivaa. Wanga wake ulikuwa bado mkavu. Baba mkubwa alikinyakua, akafuta vidole, kidole baada ya kidole, kwenye shavu la yule mwanamke. Akamalizia na midomo.

"Prezida mwanamuke! Kuku muke hapana kuwika," alisema, akacheua. Watu wakacheka.

Nilimpokonya kikwembe mkononi. Kilikuwa cha moto na chenye kuteleza. Nikamfunga nacho Kahindo mgongoni, nikamvuta Kambale, nikaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango wetu.

"Toka apo, tutoshe bintu," baba mkubwa alisema, akionyesha vyombo vya ndani.

"Hapana, baba."

"Masika! Unanisikia?"

"Ninakusikia, baba. Nimekaa."

Shangazi akapiga makofi. "Muangalie prezida wetu! Excellence, utukubalie basi tupite!"

Walicheka tena. Baba mkubwa akaja, akaniinamia, pumzi yake ikaniangukia usoni yote, pombe na mafuta, akanishika mkono. Kahindo akaanza kulia. Hapo Mama Kavira, jirani yetu wa shirika moja la kanisa na mama, akaweka sahani yake chini kabla haijaisha, akafuta mikono kwenye majani, akaja kukaa ubavuni mwangu. Akaja mwingine, na mwingine, mpaka mlango ukajaa.

"Sasa utubebe, muzee," Mama Kavira alisema. "Lakini tuko bazito."

Kicheko kikamgeukia baba mkubwa, na akaniachia mkono. Waliondoka kesho yake na vyote vilivyokuwa nje: baiskeli, kuku, nguo, hata sufuria zenye ugali uliogandia ukingoni. Nyumba ilibaki, na sisi watatu ndani yake. Shule niliacha mwaka ule, nikauza makaa na mikate. Kambale na Kahindo walimaliza kusoma.

Juzi juzi tu nilimwonyesha mfanyabiashara mmoja wa vikwembe ule uso. Akacheka.

"Prezida gani, mama? Uyu ni bibi ya prezida. Hakutawala ata jikoni kwake."

Nilihisi kinyaa kuliko siku ile ya mafuta. Mke wa mkubwa fulani, aliyepigwa picha ameshiba, na mimi nilikaa mlangoni kwa jina lake! Nikaenda kumwambia Mama Kavira, ambaye sasa ni mzee. Alicheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Masika, nani alikuambia ya mulango ni ya ule wa kikwembe? Baba yenu alipokufa, uyu uyu baba yako mukubwa alikuya. Nyie batoto tulikuwa tumebapeleka parokiani. Mama yako alikaa pale pale, na Kahindo mu tumbo. Miye njo nilikaa naye."

Kikwembe ninacho bado. Wanga ulitoka zamani, doa la mafuta halikutoka.

Nikilitazama nakumbuka zile wiki za mwisho, mama amelala akinisikiliza nikisimulia, akinirekebisha nilipokosea. Siku moja nilisema yule mwanamke alisimama mlangoni.

"Hapana," mama akasema, macho ameyafumba. "Hakusimama. Alikaa."